UZI: Kufunga deki, CDJ, laptopu, simu na maiki kwenye mikisa ya DJ bila kuunguza spika

Fundi_Mawimbi

Wakuu, habari za wakati huu. Uzi huu ni wa kufunga vyanzo vya sauti kwenye mikisa ya DJ: deki za santuri, CDJ (kicheza CD na USB cha ma-DJ), laptopu, kontrola ya DJ mgeni (meza ndogo ya vitufe inayoendesha programu ya muziki), simu, maiki. Mtu akiona spika imeungua hulaumu amplifaya, kumbe mara nyingi mambo yaliharibikia nyuma ya mikisa. Mwenye nyongeza aweke, mwenye kupinga apinge kwa hoja.

Naanza na jambo moja ambalo mengine yote yanalifuata: umbo la tundu halikwambii kitu. Nyuma ya mikisa matundu ya RCA yanafanana kama mapacha. Mengine ni ya fono (ya deki za santuri), mengine ni ya laini (ya CDJ, simu na vingine vyenye umeme mkubwa zaidi wa sauti), na kwenye mikisa za kisasa mengine ni ya dijitali. Kebo ileile inaingia kote na inakaza vizuri kote. Kinachotofautiana ni kiwango cha umeme wa sauti unaopita humo.

Sindano ya deki ya aina ya MM (yenye sumaku inayosogea) hutoa milivolti 3 hadi 10 hivi. Shure M44-7, iliyopendwa sana na ma-DJ hadi ilipoacha kutengenezwa mwaka 2018, ilikuwa ya milivolti 9.5. CDJ-2000NXS2 hutoa volti 2 sauti ikiwa kileleni. Hiyo ni zaidi ya mara 200. Miongozo ya mikisa za Pioneer za familia ya DJM huandika −12 dBu kwa laini na −52 dBu kwa fono (dBu ni kipimo cha kiwango cha sauti kwa desibeli). Tofauti yake ni desibeli 40, yaani mara 100 ukihesabu kwa volti.

Na si ukubwa tu. Santuri hukatwa besi ikiwa imepunguzwa makusudi na sauti za juu zikiwa zimeongezwa, kwa kanuni ya RIAA iliyotoka miaka ya 1950. Ingizo la fono hurudisha mambo mahali pake: kwenye hezi 20 linapandisha karibu desibeli 19 kuliko kwenye hezi 1,000, na kwenye hezi 20,000 linashusha karibu desibeli 20. Sasa chukua CDJ ya volti 2 uichomeke fono. Besi inaongezwa juu ya besi, priampu (kikuza sauti cha awali) inafika ukomo, mawimbi yanakatwa vichwa, na unachosikia ni mngurumo uliopasuka. Mara nyingi mikisa yenyewe haifi. Anayeumia ni spika, kwa sababu wimbi lililokatwa kichwa linabeba nguvu nyingi mfululizo na koili haipati muda wa kupoa.

Kinyume chake peke yake hakina hatari, ila kinapoteza muda wa watu: deki kwenye laini inatoa sauti nyembamba, ndogo, haina besi. Mtu anafungua trimu (nobu ya kiwango cha chaneli) hadi mwisho, anapandisha masta, halafu mwenzake anakuja kusahihisha swichi kuwa fono huku kila kitu kiko juu. Hapo ndipo spika inapokwenda.

Kwa hiyo kabla ya kugusa swichi ya FONO/LAINI, shusha kitelezi cha chaneli na trimu hadi chini. Kila mara, hata kama una haraka.

---

santuri_na_sindano

Mkuu umeanza vizuri. Naongeza upande wa deki, maana kuna mtego ambao hata wazoefu wanaukanyaga.

Deki nyingi za siku hizi zina priampu ndani. Audio-Technica AT-LP120 na Pioneer PLX-500 zina kiswichi kidogo cha kuchagua fono au laini. Swichi ikiwa LAINI na wewe umechomeka kwenye fono ya mikisa, kanuni ya RIAA inapita mara mbili: sauti inakuwa nzito, ya mtunguni, na inapasuka. Swichi ikiwa FONO na umechomeka kwenye laini, inakuwa nyembamba kama alivyosema Fundi. PLX-1000 na Technics SL-1200 hazina priampu ndani. Hizo zinaenda fono tu, hakuna mjadala.

Swichi ikiwapo, iweke FONO na utumie fono ya mikisa. Priampu ya mikisa ya maana karibu kila mara ni bora kuliko ile iliyobanwa ndani ya deki ya bei nafuu. Laini ya deki itumie pale tu fono za mikisa zimejaa au mikisa haina fono kabisa.

Halafu waya wa ethi. Ule waya mwembamba wenye kichwa cha umbo la U unaotoka pamoja na RCA za deki si pambo. Unafungwa kwenye skrubu ya nyuma ya mikisa iliyoandikwa GND au SIGNAL GND. Usiufunge kwenye pini ya ethi ya soketi ya ukutani wala kwenye bomba la maji. Usipoufunga utapata mvumo mzito wa hezi 50, ambayo ndiyo kasi ya umeme wetu. Kipimo chake ni rahisi: gusa mkono wa sindano kwa kidole. Mvumo ukipungua au ukibadilika, waya huo haujafungwa, umekatika ndani, au skrubu imelegea. Deki mbili zote zinafungwa kwenye skrubu hiyohiyo moja ya mikisa.

Kebo ya deki isizidi mita 1.5 hadi 2. Kebo huongeza kapasitansi, mara nyingi pikofaradi 100 hadi 150 kwa kila mita, na sindano ya MM inabadilika sauti za juu kapasitansi ikizidi. Ukitaka deki iwe mbali, sogeza mikisa, usirefushe kebo.

---

KeboMwambao

Nakubaliana na yote. Ila hamjagusa yale matundu ya fono yasiyotumika. Baadhi ya mikisa huja na vifuniko vya RCA vya chuma ndani ya boksi, na watu wanavitupa wakidhani ni vya usafiri. Vile vinapiga shoti ingizo la fono ili lisiokote kelele za hewani. Vichomeke kwenye fono zote zilizo wazi. Lakini ANGALIA: ni kwa maingizo ya fono tu. Ukikichomeka kwenye tundu la kutoa sauti kama MASTA au REC umeipiga shoti saketi ya kutolea.

Na tundu la dijitali: ni RCA vilevile, mara nyingi lina rangi ya chungwa. Linahitaji kebo ya omu 75. Ukichukua kebo ya dijitali ya CDJ ukaiingiza kwenye laini, utapata mlio mkali wa kelele usio na muziki wowote, na huna ruhusa ya kuujaribu kwenye spika za watu. Weka utepe wa rangi kwenye ncha zote mbili za kila kebo. Utepe wa mafundi umeme unatosha.

---

DJ_Mgeni_Mwanza

Wakuu shukrani. Naomba mnisaidie mpangilio huu: mikisa chaneli nne, deki mbili, kontrola ya DJ wa pili, simu kwa ajili ya nyimbo za MC, na kipokezi cha maiki isiyo na waya. Spika zina amplifaya ndani. Nini kinaanza kuwashwa?

---

Fundi_Mawimbi

DJ Mgeni, mpangilio wako ni wa kawaida sana, kwa hiyo twende nao hatua kwa hatua.

Kabla ya umeme: unganisha kebo zote za sauti kwanza, kila kitu kikiwa kimezimwa na chaja zikiwa nje ya soketi. Sababu iko kwenye RCA yenyewe. Ukiichomeka, ncha ya katikati hugusa kabla ya ukingo wa nje. Yaani kwa sehemu ya sekunde, sauti imeungana na ethi haijaungana. Kama vifaa vina umeme, tofauti yoyote ya volti kati yao inapita kwenye ingizo la mikisa. Ule mlio mkali wa "KRRRR" unaousikia mtu akichomeka RCA huku spika zinawaka ndio huo.

Laptopu zenye chaja ya pini mbili ni mfano mbaya zaidi. Chaja hizo zina kapasita ndogo kati ya upande wa umeme mkubwa na upande wa volti ndogo, na bati la laptopu linaelea kwenye karibu nusu ya volti za ukutani. Ukipima kwa malitimita dhidi ya ethi unaweza kuona volti 100 na zaidi. Mkondo wake ni mdogo, chini ya miliampia moja, ndiyo maana mkono unahisi kutetema tu. Lakini ingizo la sauti halikutengenezwa kupokea volti 100. Sauti kwanza, chaja baadaye.

Chaneli: deki 1 kwenye fono ya chaneli 2, deki 2 kwenye fono ya chaneli 3, ili zikae katikati chini ya kitelezi cha kuvukia (cha kuhama kutoka deki hii kwenda ile). Kontrola kwenye laini ya chaneli 4. Simu kwenye laini ya chaneli 1. Maiki kwenye ingizo la maiki.

Kuwasha: deki, kontrola, laptopu, simu, kipokezi cha maiki, halafu mikisa, masta ikiwa sifuri, subiri sekunde 10 hivi, mwisho spika. Kuzima ni kinyume: spika KWANZA, halafu mikisa, halafu vyanzo. Mikisa ikizimwa huku spika zinawaka inatoa pigo la umeme linalosukuma koni yote mara moja.

---

Mama_Mikisa

Kaka Fundi, hapo kwenye kuzima ongeza kukatika kwa umeme, maana kwenye sherehe zetu umeme unajizimia wenyewe. Weka mikisa na laptopu kwenye UPS ndogo, spika ziwe kwenye umeme wa moja kwa moja. Umeme ukikatika, spika zinakufa kwanza na mikisa inabaki hai, hakuna pigo. Ukirudi, spika zinawaka zikikuta mikisa tayari imetulia. Shusha masta kabla hawajabadilisha kwenda jenereta.

Na kwa jenereta, pima volti kwa malitimita kabla ya kuchomeka chochote. Kati ya 207 na 253 ni sawa. Jenereta ya fezi tatu ambayo nyutro yake imelegea inaweza kusukuma volti zinazokaribia 400 kwenye soketi ya kawaida, na hapo hakuna mikisa itakayopona. Pima, washa taa nzito za ukumbi, pima tena. Volti ikiruka sana, rudisha kebo yako kwenye begi hadi fundi umeme ashughulike.

---

Rezista47K

Kuhusu simu, ndugu zangu, hapa ndipo pana makosa mengi kuliko kwenye deki.

Kebo sahihi ni jeki ndogo ya milimita 3.5 ya stirio kwenda RCA mbili, nyekundu kulia na nyeupe kushoto. Sauti ya simu ipandishe hadi karibu asilimia 80 au 90, kisha rekebisha kwa trimu ya mikisa. Ukiweka simu asilimia 30 na trimu mwisho, unapandisha kelele za simu pamoja na muziki. Simu isiyo na tundu inahitaji adapta ya USB-C, na adapta ziko aina mbili: zenye chipu ya kubadili dijitali kuwa sauti na zisizo nayo. Isiyo na chipu inafanya kazi kwenye baadhi ya simu tu. Nunua yenye chipu, hiyo ndiyo ya kubeba kwenye begi. Weka hali ya ndege. Simu ikitafuta mtandao karibu na kebo isiyo na ngao nzuri, ule mlio wa "tididiti" unaingia moja kwa moja.

Kosa kubwa: kuchukua simu na kuichomeka kwenye ingizo la balansi (lenye waya mbili za sauti na ngao) kwa jeki moja ya stirio, au kwa adapta ya jeki ndogo kwenda XLR (plagi ya pini tatu ya maiki). Ingizo la balansi linachukua waya wa kwanza na kuondoa humo ule wa pili. Ukiliingizia kushoto na kulia, unachopata ni KUSHOTO KASORO KULIA. Kila kilicho katikati ya wimbo kinafutika: mwimbaji, besi, kiki. Kinabaki mwangwi na vinanda vya pembeni. Ukisikia wimbo hauna mwimbaji, usitafute kwenye simu, tafuta kwenye adapta.

Tena ingizo hilo likiwa na umeme wa fantomu wa volti 48 (ule mikisa inaoutuma kulisha maiki za kondensa), simu au laptopu inapokea volti ambazo tundu lake la hedifoni halikuzitarajia. Zima fantomu kabla ya kuchomeka chochote kisicho maiki ya kondensa.

---

DJ_Mgeni_Mwanza

Mkuu Rezista, na ile kebo ya Y? Kuna wanaounganisha simu mbili kwenye chaneli moja kwa Y ya RCA.

---

Rezista47K

Kugawa kwa Y ni sawa, kuchanganya kwa Y si sawa. Huo ndio mstari.

Chanzo kimoja cha laini kwenda mikisa mbili: sawa. Kila ingizo lina kiloomu 47, mbili sambamba zinakuwa 23.5, na CDJ haitahisi. (Usifanye hivyo kwa deki. Sindano inahitaji kiloomu 47 kamili, ukiigawa sauti za juu zinafifia.)

Vyanzo viwili kwenda ingizo moja: kila kimoja kinakuwa mzigo wa mwenzake. Saketi ya kutolea ya simu ya kwanza inasukuma umeme kuingia kwenye saketi ya kutolea ya simu ya pili. Sauti inashuka, inakwaruza, na saketi hizo zinapata joto. Ukilazimika kuchanganya, au kuunganisha kushoto na kulia kuwa mono, weka rezista ya kiloomu 1 kwenye kila waya wa sauti kabla hazijakutana. Rezista za robo wati, lehemu kidogo, mpira wa kufunikia. Bei yake ni ndogo kuliko soda.

---

santuri_na_sindano

Rezista hapo umemaliza. Ila kwa mpangilio wa DJ Mgeni chaneli zinatosha, asiingie huko.

---

KeboMwambao

Narudi kwenye kontrola ya DJ wa pili. Kontrola nyingi zina MASTA mbili: XLR na RCA. Tumia RCA kwenda laini ya mikisa. XLR hutoka kwenye kiwango cha studio, +4 dBu, ambacho ni volti 1.23, wakati RCA nyingi za nyumbani zimekaa kwenye −10 dBV, yaani volti 0.316. Tofauti ni karibu desibeli 12. Ukiwa huna jinsi zaidi ya XLR, tengeneza kipunguzi: rezista ya kiloomu 10 mfululizo kwenye waya wa sauti, na ya kiloomu 3.3 kutoka waya wa sauti kwenda ethi, upande wa mikisa. Inashusha karibu desibeli 12.

Kontrola isiguse taa nyekundu. DJ wa pili akiwa anapiga kwenye nyekundu, kushusha trimu ya mikisa hakuponyi kitu: sauti tayari imepasuka kabla haijakufikia, wewe unapunguza ukubwa wa uchafu tu. Mwambie kwa heshima ashushe kwake.

Na kamwe usirudishe REC OUT au BOOTH ya mikisa kwenye ingizo la mikisa hiyohiyo, hata kwa kupitia kinasa sauti. Ukifungua chaneli hiyo mzunguko unajilisha wenyewe na spika zinapiga yowe.

Kingine cha kuua ni mtu kuchukua sauti kwenye matundu ya SPIKA ya amplifaya ya redio kubwa akailete kwenye laini. Amplifaya ya wati 100 kwenye omu 8 inatoa volti 28. Ingizo la laini linatarajia chini ya volti 2 au 3. Hapo mikisa yenyewe ndiyo inayoungua. Kama redio haina LINE OUT, tumia tundu lake la hedifoni, sauti ikianzia sifuri.

---

Bati_la_Pwani

Wakuu, upande wa Kenya watu wengi wanatumia laptopu na santuri za kodi za Serato (santuri maalum zinazoendesha programu ya DJ kwenye laptopu). Kuna mlio mkali mmoja unaotoka mfululizo badala ya muziki. Tatizo huwa wapi?

---

santuri_na_sindano

Bati, huo ni ule mlio wa kodi wenyewe, takriban hezi 1,000 kwa santuri za Serato. Unamaanisha swichi ya chaneli iko FONO, kwa hiyo unasikia santuri moja kwa moja. Kwenye mikisa yenye kadi ya sauti ndani, deki inabaki imechomekwa fono, ila swichi ya chaneli inawekwa USB. Mikisa inapeleka kodi kwenye laptopu, laptopu inarudisha muziki. Kwa kadi ya nje, RCA za deki zinaingia kwenye kadi, na RCA za kutoka kwenye kadi zinaingia LAINI ya mikisa, si fono. Waya wa ethi wa deki unahamia kwenye skrubu ya kadi, kama ipo.

Programu ikionyesha duara la kodi limekuwa mstari, upande mmoja haufiki: kichwa cha sindano kimechafuka pale zilipo pini nne, au RCA moja imekatika ndani. Futa pini kwa kitambaa kikavu, kaza pete ya kichwa, badilisha kushoto na kulia kuona kama kosa linahama.

---

Mama_Mikisa

Maiki sasa, maana mmeikimbia.

Maiki ya kawaida kama Shure SM58 inatoa karibu milivolti 1.9 kwa mtu anayeongea kwa nguvu karibu nayo. Ingizo la maiki linaikuza mara mia kadhaa au zaidi. Kwa hiyo chochote cha laini kikiingia humo kinapasuka papo hapo. Kipokezi cha maiki isiyo na waya mara nyingi kina matundu mawili: XLR kwa kiwango cha maiki na jeki kubwa kwa kiwango cha juu zaidi, au swichi ya MIC/LINE nyuma. Soma kilichoandikwa. Chagua kimoja, usichomeke vyote viwili kwenda mikisa moja.

Kebo ya maiki iwe XLR kwa XLR: pini 1 ngao, pini 2 na 3 sauti. Zile kebo za XLR kwenda jeki kubwa ya mono ni za mita chache tu. Zikipita mita 5 au 6 kando ya kebo za umeme zinaokota mvumo. Na kama lazima zikutane na kebo ya umeme, zikatane kwa pembe ya msalaba, zisilale sambamba.

Nobu ya maiki kwenye mikisa nyingi za DJ haina kitelezi chake wala kichujio cha besi cha maana. Ushauri wangu wa dhati: sherehe ikiwa na MC na wazee watakaotoa nasaha, maiki ziingie kwenye mikisa ndogo ya ukumbi, na mikisa ya DJ iingie hapo kama chanzo kimojawapo. DJ akipiga nyekundu, maneno ya baba wa bibi harusi yanabaki safi.

---

Fundi_Mawimbi

Dada Mama_Mikisa, hapo pazuri, na pana hatari yake pia. Masta ya XLR ya mikisa ya DJ ikiingia kwenye mikisa ya ukumbi kwa kebo ya maiki, mwenye mikisa ya ukumbi anaweza kuwa amewasha fantomu kwa ajili ya maiki za kwaya, na kwenye mikisa nyingi ndogo swichi hiyo ni moja kwa chaneli zote. Tumia maingizo ya laini, yaani jeki kubwa. Zikiwa mbali, weka visanduku vya DI vya transfoma, viwili, kushoto na kulia. Vinafanya kazi tatu kwa pamoja: vinashusha kiwango, vinazuia fantomu, na vinakata mzunguko wa ethi. Kama hamna DI na chaneli ni ya maiki tu, kipunguzi cha desibeli 40 ni kiloomu 10 mfululizo na omu 100 kwenda ethi, fantomu ikiwa imezimwa.

---

Bati_la_Pwani

Huo mzunguko wa ethi ufafanuliwe. Kuna mafundi wanakata pini ya ethi ya plagi na mvumo unaisha kweli.

---

Rezista47K

Unaisha, na mtu anabaki ameshika mikisa ambayo bati lake halina kinga. Siku waya wa umeme ukigusa bati ndani, umeme unatafuta ethi kupitia ngao ya RCA, au kupitia MC aliyeshika maiki ya chuma. Pini ya ethi haikatwi. Hapo sitaongeza upole.

Mzunguko unatokea hivi: laptopu ina ethi kupitia chaja ya pini tatu, mikisa ina ethi kupitia plagi yake, na RCA inaziunganisha kwa mara ya pili. Njia mbili za ethi zinatengeneza pete, pete inaokota mkondo, mkondo unapita kwenye ngao ya kebo, nawe unausikia. Kuutafuta:

Shusha vitelezi vyote. Mvumo ukibaki, uko kati ya mikisa na spika. Ukiisha, pandisha kimoja kimoja. Umempata mwenye kosa? Kama ni laptopu, chomoa chaja ifanye kazi kwa betri. Mvumo ukiisha, ni pete ya ethi au uchafu wa chaja. Mlio mwembamba unaobadilika ukisogeza kipanya au ukifungua faili ni kelele za USB na chaja, si umeme wa ukutani. Mlio kama wa nyuki wa hezi 100 mara nyingi hutoka kwenye saketi ya umeme ya kifaa kibovu au taa za kufifisha.

Tiba ya kwanza haina gharama: vifaa vyote vya meza ya DJ vichomekwe kwenye ekstensheni moja yenye ethi ya kweli, na spika kwenye soketi za fezi hiyohiyo. Taa zikae kwingine. Ikibaki, weka kitenganishi cha transfoma kwenye RCA za laptopu. Vile vidogo vya bei rahisi vinapoteza besi chini ya hezi 50 hivi sauti ikiwa kubwa, kwa sababu chuma cha transfoma kinajaa. Kwa laptopu ya nyimbo za MC vinatosha, kwa chanzo kikuu tafuta kikubwa. Usikiweke kwenye fono kabisa.

---

DJ_Mgeni_Mwanza

Swali la mwisho wakuu. Kila kitu kimefungwa. Viwango vinawekwaje kabla watu hawajaingia?

---

Fundi_Mawimbi

Spika zikiwa bado zimezimwa. Nobu za besi, kati na juu saa sita, kitelezi cha chaneli juu kabisa, vikolezo vyote vimezimwa. Piga sehemu yenye nguvu kuliko zote ya wimbo, si utangulizi. Pandisha trimu hadi taa za chaneli zicheze kwenye 0 na kuruka kidogo hadi +3. Rudia kwa kila chanzo. Deki mbili zenye sindano tofauti zitahitaji trimu tofauti, ni sawa. Sikiliza kila chaneli kwa hedifoni: kushoto kupo, kulia kupo, katikati hakijafutika, hakuna mvumo.

Shusha masta sifuri. Washa spika, gaini zake zikiwa chini. Pandisha masta hadi taa zake zifike 0, kisha ongeza gaini za spika taratibu hadi ukumbi upate sauti unayoitaka. Hapo masta ikifika 0 ndiyo sauti kamili, na mwenye kuja baadaye akiisukuma kidogo huenda bado kuna nafasi kabla ya spika kupasua.

Chanzo kikibadilishwa katikati ya sherehe: kitelezi chini, trimu chini, masta isiguswe. Chomoa, chomeka kwa kusukuma hadi mwisho kwa mkupuo mmoja, kagua swichi ya FONO/LAINI, sikiliza kwa hedifoni, ndipo upandishe.

---

KeboMwambao

Na kwenye begi la DJ Mgeni: jeki ndogo kwenda RCA mbili (zibebe tatu), RCA kwa RCA za mita 1.5 jozi mbili, adapta ya USB-C yenye chipu, DI mbili, vifuniko vya fono, utepe wa rangi, malitimita, bisibisi ndogo ya skrubu ya GND, na fyuzi za akiba za ampia 3 na 13 kwa plagi zetu za pini tatu. Plagi ya mikisa na ya laptopu iwe na fyuzi ya 3. Ile ya 13 ni ya ekstensheni.